Mjuzi wa Zilipendwa kwa Njia ya Mkato

Kila kundi la WhatsApp lina mtu wake wa nyimbo. La ukoo lina wake, la waliomaliza darasa la saba pamoja lina wake, hata lile la michango ya harusi, ambalo lilipaswa kuvunjwa siku bwana harusi alipovua koti, lina mtu anayetuma zilipendwa kila Jumapili alasiri. Wakimjibu humwita mkongwe, humwita maktaba, humwita profesa. Wewe unasoma sifa hizo na roho inakuuma kidogo. Unautaka uprofesa ule.

Vizuri. Usione haya. Hamu ya kusifiwa ndiyo iliyotuingiza wengi kwenye muziki huu, na mimi nimo. Sogea karibu nikupe njia za mkato. Zote nimezipita mwenyewe. Nina sharti moja tu, nalo nitakuambia tukifika mahali pake.

1. Uvishe wimbo nguo

Wimbo unaoutaka tayari uko kwenye simu yako. Aliuleta mtu, naye aliletewa na mtu. Tatizo ni mavazi: unaitwa AUD-20190614-WA0003, na juu yake kuna vishale viwili vinavyotangaza kwamba umeshapita mikono mingi. Wimbo wa namna hiyo ni maji ya kunawa mwisho wa shughuli. Hakuna anayeyasogelea.

Uhifadhi. Ubadilishe jina. Andika bendi, kisha wimbo, kisha mwimbaji ukimjua: DDC Mlimani Park, Neema, Cosmas Chidumule. Sasa utume upya kutoka kwenye mafaili ya simu yako, usiusambaze kutoka kundi la jirani. Vishale vimekwenda. Wimbo umetoka kwako.

Atatokea wa kusema huo ni ujanja. Ni ujanja kweli. Lakini tazama ulichokifanya: wimbo ulikuwa unazurura bila jina kama mtoto aliyepotea sokoni, na kutoka kwako utaingia kwenye simu nyingine hamsini ukiwa na jina la bendi kifuani. Sifa utakazopewa umezitolea jasho, zipokee.

2. Anzia mwisho

Wimbo wa dansi wa Tanzania wa miaka ya sabini na themanini kwa kawaida una vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha kisa: mke kaondoka, rafiki kasaliti, wazazi washukuriwe, na waimbaji wanakwenda taratibu ili usikose neno. Chumba cha pili ni cha kucheza. Muziki unachemka, magitaa yanashikana, tarumbeta na saksafoni zinaitikiana, na waimbaji wanabaki na kibwagizo kifupi cha kuchochea moto.

Wapya wote huzungumzia chumba cha kwanza. "Ujumbe mzito sana." Hilo mtu anaweza kuliandika huku kazima sauti. Wewe nenda moja kwa moja dakika mbili za mwisho, sikiliza hizo tu, uandike kitu kimoja ulichokisikia humo. Kimoja kinatosha. Ukikitaja pamoja na dakika na sekunde, kazi imekwisha: "Sikilizeni gitaa la pili linavyoingia dakika ya 4 na sekunde 10." Watu ishirini watarudi kwenye wimbo kutafuta sekunde hiyo, na kila atakayeipata atakuona wewe ndiye uliyemfungulia mlango.

Ila usisikilizie spika ya simu. Spika ya simu haina besi, na muziki huu bila besi ni ugali bila mboga. Vaa visikilizi, hata vile vya bei ya vocha. Ukivikosa, itumbukize simu kwenye bakuli la udongo au bilauri pana, spika ikitazama chini. Besi haitakuja yote, lakini magitaa yatasimama.

Jaribu leo na "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Fumba macho, mwache mwimbaji aende zake, umshike mpiga besi. Anaitwa Tom Malanga. Hana haraka. Anapiga noti chache, anaacha nafasi, anarudi, na ile nafasi aliyoiacha ndiyo inayokunyanyua kitini. Juu yake kuna gitaa la rizimu la Omari Shabani, waliyemwita Profesa, linazunguka bila kuchoka kama mkono wa mtu anayepepeta mchele. Mara ya kwanza niliposikia vile viwili vikiwa mbalimbali, baada ya miaka ya kuusikia wimbo ule kwenye mabasi na kwenye harusi, nilirudia mara tisa. Chai ilipoa mezani. Wimbo ule nilidhani naujua.

3. Mwaka usiutaje, taja ukuta

Watakuuliza: wa mwaka gani huo? Hapa ndipo maprofesa wengi huanguka, kwa sababu wanataka kutaja mwaka kamili. Nyimbo nyingi za enzi ile zilirekodiwa kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, na jina la wimbo lilizunguka nchi nzima bila tarehe yake. Usihangaike na tarehe. Jifunze kuta chache tu. Wimbo hauwezi kuruka ukuta.

Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Morogoro, alifariki 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alituacha 1995. Upande wa kuzaliwa kwa bendi: Simba Wanyika walianza Nairobi 1971, Mlimani Park walianza 1978, Les Wanyika mwishoni mwa mwaka huohuo. Basi. Kuta sita, zinakaa kwenye kiganja.

Sasa mtu akisema Mbaraka aliimba wimbo fulani 1983, jibu kwa upole: santuri inaweza kutoka baadaye, sauti haiwezi. Akisema Mlimani Park walitamba 1974, mwambie wakati huo bendi haijazaliwa. Hujataja mwaka hata mmoja wa wimbo, na kundi zima limekuona unaijua historia.

Tahadhari ya haraka: tarehe iliyo chini ya wimbo kwenye YouTube ni ya siku ulipopandishwa, na YouTube yenyewe imeanza 2005. Nimeona watu wazima wanabishana kwamba wimbo wa NUTA Jazz ni wa 2011.

4. Ujue ukoo wa bendi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kubwa kwa jasho dogo.

Bendi nyingi za Tanzania za enzi hizo zilikuwa mali ya mashirika. Shirika ndilo lenye vyombo, mwanamuziki ni mwajiriwa. Kwa hiyo shirika likibadili jina, bendi nayo inabadili. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikawa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikawa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma. Ni mto mmoja wenye majina manne. Siku watu wawili watakapogombana kundini, huyu anasema "huo ni wa Nuta" na yule "huo ni wa Juwata," ingia na sentensi moja: "Ni bendi ileile, kinachotofautiana ni wakati tu." Wote wawili watakushukuru, maana hakuna aliyeshindwa.

Wanamuziki nao walihama. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa nguzo ya NUTA, 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park, mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, kisha akarudi alikotoka, Msondo. Alifariki 2014. Hassani Bitchuka naye alihama zaidi ya mara moja. Maana yake ni nini kwako? Kwamba sauti peke yake haikuambii bendi. Ukimsikia Gurumo, usikurupuke kuandika "Msondo hao!" Subiri upepo wa tarumbeta na mpangilio wa magitaa, au subiri waimbaji wajitaje, maana bendi za wakati ule zilipenda kutaja mtindo wao ndani ya wimbo. Sikinde ni Mlimani Park. Kamanyola ni Maquis. Saboso ni Western Jazz. Masika ni ya Mbaraka. Ukisikia neno hilo limepenya katikati ya muziki, umepewa jibu na mwenye mtihani.

5. Sharti langu

Nilikuahidi, na ni hili. Danganya utakavyo kuhusu wewe mwenyewe: sema umeukuta wimbo kwenye kanda ya baba, sema umelelewa na Sikinde, sema unaisikiliza kila alfajiri. Lakini jina la aliyepiga usilidanganye, wala usilibahatishe. Kama hulijui, andika hulijui.

Hili nililipata kwa mjomba wangu wa Tanga. Nilituma "Sina Makosa" kwenye kundi la ukoo, saa tatu usiku, nikaandika kwa kujiamini kabisa: Simba Wanyika. Mioyo ikamiminika. Ndipo mjomba akaanza kurekodi sauti. Dakika nne na nusu. Alianza kwa utulivu: "Marahaba mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Sasa nisikilize." Akaniambia Simba Wanyika ni ya akina Kinyonga, Wilson na George, vijana waliotoka Tanga kwetu wakaenda kupigia Nairobi. Akaniambia kwamba mwaka 1978 wenzao walijitoa, akina Omari na Malanga, wakaunda Les Wanyika na John Ngereza, na kwamba wimbo ule ni kazi ya Omari. Kisha akakohoa, nikasikia kiti kikilia. Mjomba ni fundi seremala. Akasema: "Kitanda unacholalia nimekichonga mimi. Mtu akija akasema kimechongwa na jirani, utanyamaza?"

Sikuwa na jibu na sikulitafuta. Tangu usiku huo kila wimbo ninaoutuma ninamtafuta mpigaji kwanza. Wengi wa watu hawa walikuwa wa mshahara wa mwezi, vyombo si vyao, kanda ikabaki redioni na nyimbo zikachezwa miaka na miaka. Walichobaki nacho ni jina. Ukilikosea, umemnyang'anya mtu kitu cha mwisho alichonacho, na umefanya hivyo mbele ya watu mia mbili. Kwa hilo sina mkato wa kukupa. Tafuta, uliza, au nyamaza.

6. Ukiumbuka, umbuka vizuri

Utakosea. Kukosea kuna adabu yake, na ukiijua unatoka ukiwa mrefu kuliko ulivyoingia.

Usifute. "Ujumbe huu umefutwa" ni sawa na kukimbia ugoni ukaacha kiatu. Kama umegundua mapema, WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri; zitumie kusahihisha jina la bendi, na usijali ile alama ya kwamba umehariri. Kama dakika zimepita na mtu amekurekebisha hadharani, acha kosa likae pale lilipo na ujibu chini yake. Mpe cheo chake. "Ahsante sana mjomba, nimepokea." "Shikamoo bibi, nashukuru kwa kunifungua macho." Halafu papo hapo, kabla vicheko havijaanza, weka swali: "Kwani uliwahi kuwaona wakipiga?"

Swali hilo ni dawa. Hakuna mzee aliyewahi kusimama kwenye ukumbi wa dansi akaliacha lipite. Ataeleza kiingilio, ataeleza suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, atamtaja mtu aliyekwenda naye, na bibi atacheka kwa mbali kwenye ile sauti. Baada ya nusu saa hakuna anayekumbuka kwamba ulikosea. Wanakumbuka kwamba usiku ule mzuri ulianzia kwako.

7. Mashimo mawili ya kuruka

La kwanza ni "Malaika." Ukiituma na kuandika ni ya fulani, umewasha moto. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeifanya ijulikane kwa rekodi yake. Adam Salim naye alitajwa kuwa ndiye mtunzi wa asili, na kuna wengine waliodai. Miriam Makeba akaichukua, Boney M wakaichukua. Wewe andika "toleo la" fulani, usiandike "wimbo wa" fulani. Herufi chache hizo zitakuepusha na wiki nzima ya matusi.

La pili ni mpaka. Mkenya atasema Wanyika ni wetu, Mtanzania atasema ni watoto wa Tanga. Wote wana haki, na sababu iko wazi: Nairobi ndiko kulikokuwa na kampuni za santuri, kwa hiyo wanamuziki wa Tanzania walivuka kwenda kurekodi, na wengine wakabaki. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na leo kuna kituo cha daladala Sinza kinachoitwa Kwa Remmy. Muulize anayebisha: kituo hicho kikatwe vipande vingapi?

8. Tuma kwa mtu

Sasa maneno ya kuandika chini ya wimbo. Mstari unaoongoza mtandaoni ni ule wa "nani bado anausikiliza mwaka huu, gonga like." Achana nao. Unaomba pongezi kwa kazi ambayo hujaifanya, na watu wanausoma kama wanavyosoma bango la kupangisha chumba.

Kuna njia ya zamani iliyo bora. Kabla ya simu hizi kulikuwa na kadi za salamu. Uliinunua dukani, ukajaza jina lako, mara nyingi na lakabu yako, ukajaza majina ya unaowasalimu mpaka pembeni, ukaweka ujumbe, ukaituma redioni kwa posta. Kisha ukangoja. Siku kadi yako iliposomwa, nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji akayashuka majina moja moja kama anayeteremka ngazi, na mwisho wake ukapigwa wimbo. Wimbo ule hukuutunga wala hukuuchagua wewe, lakini kuanzia siku hiyo ulikuwa wako na wa wale uliowataja. Watu walijenga majina ya mji mzima kwa kadi hizo, na hawakujua kupiga hata filimbi.

Fanya vilevile. Usiutupe wimbo kundini bila mwenyewe; uandikie majina. "Nautuma kwa shangazi Mwanaidi, kwa mama mdogo wa Muheza, na kwa wote tuliopanda lile basi la Korogwe lililoharibika njiani." Hao wote watafungua, kwa sababu wameitwa. Wengine hamsini watafungua kujua kwa nini wao hawakuitwa. Na Jumapili ijayo kutakuwa na maombi: usinisahau na mimi. Hapo umeshakuwa redio.

Kwenye status mambo ni yaleyale, ila nafasi ni finyu na kesho haupo. Usiweke mwanzo wa wimbo, ambapo kuna gitaa linajinyoosha tu. Kata pale muziki unapoanza kuchemka.

9. Fanyia mazoezi kwa mmoja

Kabla hujaingia kundini, tuma wimbo wako wa kwanza kwa mtu mmoja aliyekuzidi umri. Mama, mjomba, jirani aliyekuwa dereva wa malori, yeyote aliyekuwa kijana wakati wimbo huo ulikuwa mpya. Tuma alasiri, akiwa amepumzika. Usiandike maelezo, weka salamu tu, na jina lililo kwenye faili litajieleza.

Ngoja alama mbili zigeuke buluu. Dakika tano za mwanzo hazina neno, anasikiliza. Kisha juu ya skrini utaona anarekodi sauti. Usimpigie. Usimtumie wimbo wa pili. Bandika chai, vaa visikilizi, na uweke kalamu karibu, kwa sababu atawataja wapigaji kwa majina.